Tundu la Kushoto

Ukuta wa Bi Somoe, pale Mikindani, una kitambi.
Niliuwekea pimamaji, kiputo kikakimbilia pembeni
kama mdaiwa aliyemwona mwenye duka.
Matumbawe na chokaa, kazi ya babu wa mumewe.
Miaka yote hiyo hakuna aliyeudai unyooke.

Hodhi alilipata mnadani,
nyumba ya wageni ya enzi za gesi iliyofilisika:
jeupe, limekwaruzwa ukingoni.
Paneli tatu kalipia kwa korosho za awamu ya pili,
zikaja na basi kutoka Dar, zimelala ubavu
chini ya magodoro ya watu.
"Nesi wa Ligula kasema kiuno changu kinataka maji ya moto.
Si ya kujimwagia, Nankonda. Ya kukaa."

Basi nikakwangua rangi: buluu, kijani,
na chini kabisa waridi ambalo hata yeye hakulijua.
Nikafuta kwa kitambaa kibichi, nikangoja pakauke.
Gundi haishiki juu ya vumbi,
haishiki juu ya unyevu,
haishiki juu ya haraka.
Hayo nilimwambia kwa sauti ya mtaalamu.

Kisha tundu la koki. Sentimita sitini na mbili toka kona.
Nikapima tena.
Nikailaza paneli kifudifudi barazani, nikakata,
mduara safi, ukingo haukuchanika hata chembe.
Nikaiinua. Nikaigeuza.

Koki kulia.
Tundu kushoto.

Wapo watakaosema nilikuwa na mawazo.
Sikuwa na wazo hata moja, ndiyo maana.

Nikakaa ukingoni mwa hodhi kavu, nikahesabu:
paneli, nauli, siku tano za mzigo, jina langu.
Bi Somoe akaja na chai ya rangi, akachungulia tunduni
kwa jicho moja, mimi niko ng'ambo.
"Unaonekana mdogo," akasema,
akaenda uani.
Akarudi na kioo cha pembeni cha pikipiki ya marehemu,
cha duara, kina ufa mwembamba kama unywele.
"Alikitumia kutazama nyuma. Kibandike.
Na mimi mgongo wangu sijauona siku nyingi."
Kilifunika tundu lote, kikabakiza ukingo wa kunatishia.

Tundu la pili nililitoboa uso ukiwa juu,
nimeandika KULIA kwa mkaa, herufi kubwa,
kama mtoto wa chekechea.

Penye kitambi gundi nyembamba, penye bonde nene.
Mama yangu aliishi hivyo na mawifi zake.
Nikachora nyoka wa gundi kutoka juu hadi chini,
tukainua, tukabandika, nikasema: sukuma.
Tulisimama ndani ya hodhi, miguu mitupu,
viganja vinne ukutani,
kama watu wawili waliosimamishwa na polisi.
Hapo ndipo nikaviona vidole vyake:
miaka kumi na tisa ya kubangua korosho,
kucha zimeliwa na mafuta ya maganda,
weusi umeingia hata kwenye mistari ya bahati.
Paneli ilitaka kuteleza upande wangu.
Upande wake haikuthubutu.

Silikoni ilipoganda mikononi mwangu nikakimbilia ndoo.
"Acha maji," akasema. "Kitu cha kunata hukijui wewe."
Mafuta ya kula kwanza. Kisha majivu. Kisha sabuni.
Kidole kimoja kimoja, bila kunicheka,
na hilo lilikuwa zito kuliko kunicheka.

Nikamwachia masharti: saa ishirini na nne, asiloweshe.
Hayakuwa na maana, maji ya mgao ni mpaka Ijumaa.

Jumamosi jioni nilipita na bunduki ya silikoni,
kona ya chini nilikuwa sijaiziba.
Mlango wa bafu umefungwa, mvuke unatoka chini yake.
Nikatega sikio.
Sikusikia maji yakimwagika.
Nilisikia mtu aliyekaa.

Kona ile mpaka leo sijaiziba.